Nafasi ni moja, fomu ni mbili, na kalamu nimeshika mimi

BARUA

Shikamoo mama. Naandika nikiwa jikoni, saa saba usiku, upepo wa Julai unapiga mabati na usingizi umekataa.

Mimi ni askari polisi, mwanamke wa miaka 41, na nimetumikia miaka 19. Nina nyota moja begani, yaani Mkaguzi Msaidizi, na ni mkuu wa kituo kidogo katika mji ulio kando ya barabara kuu hapa mkoani Dodoma. Mji wenyewe naomba nisiutaje. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili, na huko Nala tuna msingi wa nyumba ambao umeota nyasi tukisubiri pesa.

Kituoni kwangu kuna makoplo wawili waliofikia kufikiriwa kwenda kozi ya usajenti, nami nimeambiwa nipendekeze mmoja. Kila mmoja nimjazie fomu ya tathmini, niandike maoni yangu, nitie saini na kuzipeleka kwa mkubwa wangu kabla mwezi haujaisha. Wao fomu hizo hawazioni. Watasikia tu jina limetoka au halikutoka.

Wa kwanza ni kijana wa doria. Ana nguvu, ana sauti, hachoki. Ripoti ya kituo ya kila mwezi inabebwa na yeye: bodaboda wasio na leseni, wazururaji, wapika gongo, vijana waliokutwa na bangi. Ijumaa mahabusu inajaa, Jumatatu mchana wamebaki wawili. Wengi hawafiki mahakamani, lakini kwenye ripoti wameshahesabiwa.

Wa pili ni dada wa Dawati la Jinsia na Watoto. Mwaka mzima majalada yake yaliyofika mahakamani ni tisa. Tisa tu, mama. Lakini mimi ninayekaa chumba cha pili ndiye ninayejua kila jalada limekula siku ngapi. Mtoto aliyebakwa na mjomba wake haongei siku ya kwanza. Haongei hata siku ya tatu. Huyu dada anakaa naye sakafuni, anamchorea, anamnunulia soda kwa pesa yake. Shahidi akihongwa mbuzi ili akae kimya, yeye anarudi kijijini kumtafuta.

Desemba iliyopita alikuja bibi mmoja kuulizia jambo lingine kabisa, na katika mazungumzo ikatoka kwamba mjukuu wake, binti wa darasa la sita, anasumbuliwa na lawalawa, yaani maambukizi ya sehemu za siri, na shangazi zake wamepanga kumkeketa likizo. Unajua huku kwetu lawalawa inavyotumiwa kuhalalisha jambo hilo. Dada yule alikwenda kijijini Jumapili tatu, bodaboda kwa nauli yake mwenyewe. Akaongea na mashangazi, akamchukua mama mtu na mtoto hadi zahanati, wakapewa dawa, yule binti akapona. Januari akarudi shule mzima. Hakuna aliyekamatwa, hakuna jalada lililofunguliwa. Kwenye fomu yangu tendo hilo halina mahali pa kuliandika.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi. Mwezi uliopita mkubwa wangu alipita kituoni. Tulipokuwa tukisindikizana kwenye gari akaniambia, "Yule kijana wa doria ana uchungu na kazi. Ukiandika fomu zako kumbuka kwamba kituo chako kinapimwa kwa namba." Kisha akacheka akasema, "Na jalada lako wewe liko mezani kwangu." Ni kweli, jina langu linasubiri mapendekezo yake ili nifikiriwe nyota ya pili.

Naogopa zaidi kwa sababu mwaka jana nilishafanya. Nilimwandikia yule dada "wastani" kwenye kipengele cha matokeo ya kazi, na nilijua ninachofanya. Alipoona jina lake halipo alikuja kunisalimia kama kawaida, "Jambo afande," akaenda zake dawatini. Sijamwambia hadi leo.

Na kuna jingine ambalo ni aibu yangu kama mkuu wa kituo. Mwisho wa robo mwaka ukikaribia, vijana kaunta wanaandika RB, yaani kumbukumbu ya taarifa ya mlalamikaji, kwa mkono mzito. Mtu kaibiwa mbuzi wawili, anaambiwa katafute kwanza, njoo kesho. Tukiandika kila kitu, uhalifu unaonekana umepanda na mimi naitwa kujieleza. Sikuwaamuru wafanye hivyo. Ila sikuwakataza.

Katikati ya haya yote, kwenye kikao tuliambiwa wakuu wa vituo tulete maoni ya maandishi kuhusu namna askari wanavyopimwa na kupandishwa vyeo, kwa kuwa kuna nia ya kuboresha. Wenzangu wanasema andika mistari mitatu ya kusifu, usijitafutie makubwa. Mume wangu anasema, "Mama nanihii, tia saini, watoto wanasoma." Hakusema kwa ubaya. Yeye na walimu wenzake tathmini yao inajazwa kwenye mfumo wa kompyuta, mtu anaweka malengo yake na anaona alama alizopewa, kwa hiyo anashangaa tukipimana gizani.

Mama, nikiandika ukweli nahatarisha nyumba yangu. Nikiandika ninachotakiwa, sijui nitamtazamaje yule dada akija tena kunisalimia. Nifanye nini?

Mwenye kalamu nzito, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimevua miwani.

Kabla ya kustaafu nilikuwa ofisa utumishi, miaka mingi, katika ofisi moja ambayo sitaitaja kama wewe ulivyokataa kuutaja mji wako. Nilianza kazi enzi za taarifa ya siri. Mkuu wa idara alikuwa akiandika anavyomwona mtumishi, anafunga bahasha, inaingia kwenye jalada, na mtumishi anaweza kufikia uzee bila kujua kwamba neno moja lililoandikwa alipokuwa na miaka 30 ndilo lililomkalisha pale pale. Kuna karani ambaye nilimwandikia "hana ari" kwa sababu mkubwa wangu alitaka nafasi ile iende kwa mtu mwingine. Maneno mawili tu. Alistaafu na cheo alichokuwa nacho siku ile. Tunakutana soko la Majengo, na yeye ndiye anayeanza kunisalimia. Kwa hiyo unaposema hujui utamtazamaje yule dada, mimi najua unamaanisha nini, na sitajifanya kukusemesha kutoka mahali pa juu.

Ngoja kwanza nirudie shida yako nilivyoielewa, uniambie kama nimekosea. Una nafasi moja na watu wawili. Fomu uliyopewa inahesabu kinachohesabika kirahisi. Mmoja kazi yake inahesabika, mwingine kazi yake kubwa ni mambo ambayo hayakutokea. Mkubwa wako amekudokeza anayemtaka, na yeye ndiye anayeshika maendeleo yako. Mwaka jana uliinama. Mwaka huu umeombwa pia maoni ya kuboresha mfumo mzima. Nadhani hilo la mwisho ndilo limekuchoma zaidi, maana ni vigumu kuandika karatasi ya kwanza kwa namna moja na karatasi ya pili kwa namna nyingine ukiwa umekaa meza ile ile.

Sasa niruhusu nikuulize mambo machache.

La kwanza ni yale maneno ya kwenye gari. Uliyaandika vizuri, neno kwa neno, na nimeyatazama. Amemsifu kijana. Amekukumbusha kwamba kituo kinapimwa kwa namba. Amesema jalada lako liko kwake. Hakusema "usimpendekeze yule dada." Huenda alimaanisha hivyo hivyo ulivyoelewa, wakubwa wengi wana ujuzi wa kutoa amri isiyoweza kunukuliwa. Lakini huenda pia naye anaulizwa namba huko juu, na alikuwa anamtaja askari pekee ambaye ripoti zako mwenyewe zimemfundisha kumjua. Jiulize: tangu uanze kuongoza kituo hicho, ni mara ngapi umempelekea maandishi yanayoeleza kazi ya dawati? Si kwa mdomo kikaoni, kwa maandishi. Kama jibu ni kwamba hujawahi, basi huyu bwana anampima dada yule kwa tisa uliyompa wewe.

La pili ni kijana wa doria. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukimtaja kwenye barua unamtaja kama kelele, na yule dada unamtaja kama binadamu. Lakini anayesimama kwenye barabara kuu usiku, baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba, malori yakipita, ni yeye. Anafanya kile ambacho fomu inalipa. Mwezi ambao mngeambiwa kinachohesabiwa ni majalada yaliyosimama mahakamani, unafikiri angefanya nini? Sijui, na nahisi wewe pia hujamuuliza. Inawezekana ni mtu wa kukamata tu. Inawezekana pia ni askari mzuri aliyefunzwa vibaya na hesabu mbaya, na katika hilo wewe kama mkuu wake una sehemu yako.

La tatu ni gumu zaidi. Umemuuliza yule dada kama anautaka usajenti? Nakuuliza kwa sababu unajua kuliko mimi kwamba tepe ya tatu mara nyingi huja na barua ya uhamisho. Anaweza kupandishwa akapelekwa mkoa mwingine kusimamia lindo, na dawati likabaki na kijana aliyetoka depo ambaye hajui kukaa sakafuni na mtoto. Simaanishi anyimwe cheo ili aendelee kufaa pale alipo. Huo ni udhalimu ambao wanawake wengi wameonja, kusifiwa hadi mtu anakwama. Nasema tu kwamba katika barua yako ndefu, sauti yake pekee niliyoisikia ni "Jambo afande."

Tena kuna swali ambalo fomu yako haiulizi na wewe hujaliuliza: nani kati yao ataweza kuongoza? Kufanya kazi vizuri ni jambo moja, kuongoza askari kumi usiku wa ghasia ni jingine. Uingereza na Wales wameligawa hilo. Konstebo anayetaka usajenti lazima kwanza aonekane anaimudu kazi ya cheo alicho nacho, afanye mtihani wa sheria, apite mchujo, kisha akae kwenye cheo kipya kwa muda wa miezi 12 akipimwa kazini kabla hajathibitishwa. Nao wana malalamiko yao, sikwambii ni pepo. Lakini ona kwamba wanatenganisha "amefanya nini" na "ataweza nini." Katika fomu zako mbili unaweza kuanza kutenganisha hayo hata kwa sentensi mbili tu kwenye sehemu ya maoni. Je, yule dada anawafundisha wadogo zake? Kijana wa doria akipewa zamu aisimamie, vijana wanarudi salama, wanafuata taratibu? Hayo unayajua.

Kuhusu namba, mwanangu, usidhani ni ugonjwa wa kituo chako peke yake. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walipekua vitabu wakagundua kwamba karibu kosa moja kati ya kila matano yaliyoripotiwa na wananchi halikuandikwa kama kosa. Shinikizo la kufikia malengo lilikuwa miongoni mwa sababu walizotaja. Kule kuna kompyuta na wakaguzi wa kutosha, na bado mkono wa kaunta ulikuwa mzito kama wa vijana wako. Pale unapompima askari kwa uhalifu kupungua, njia fupi kuliko zote ya kuupunguza ni kutouandika. Na mwenye mbuzi wawili anarudi nyumbani bila RB, akijua kuanzia siku hiyo kwamba polisi si pa kwenda.

Hilo la RB ndilo ambalo ningependa ulitazame kabla hata ya fomu, kwa sababu halihitaji ruhusa ya mtu. Uliandika "sikuwaamuru, ila sikuwakataza." Kesho asubuhi kwenye paredi unaweza kuwakataza. Gharama yake unaijua: robo ijayo uhalifu utaonekana umepanda na utaitwa. Lakini utakuwa na cha kueleza, na utaeleza jambo la kweli.

Nimekuahidi moyoni kwamba sitakuamulia. Njia zilizo mbele yako nazitaja ninavyoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kutia saini kama mume wako anavyosema. Naomba usimwone mwoga. Mwalimu mwenye watoto watatu na msingi uliota nyasi ana haki ya kuogopa uhamisho wa ghafla wa mkewe, na ndoa yenu ni mali kubwa kuliko tepe za mtu. Ukichagua hivyo, nafasi ya nyota ya pili huenda ikabaki wazi. Ila wewe mwenyewe umeniandikia saa saba usiku kwa sababu ya saini ya mwaka jana, kwa hiyo bei yake unaifahamu kuliko mimi.

Unaweza kwenda kwa mkubwa wako kabla ya kupeleka fomu. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wengi wanairuka kwa hofu. Usiende kubishana. Nenda na karatasi: majalada tisa, kila moja lilifunguliwa lini, mashahidi wangapi, limefikia wapi, majina ya watoto ukiwa umeyafuta. Weka na ile habari ya Desemba. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na sheria ya mwaka 1998 imeliweka hilo kuwa kosa la jinai kwa binti aliye chini ya miaka 18. Askari aliyezuia moja bila fujo kijijini amefanya kazi ambayo mkubwa yeyote angeweza kuisema mbele ya Mkuu wa Mkoa akasikilizwa. Mpe mkubwa wako kitu cha kusema. Wakati mwingine mtu anang'ang'ania namba kwa kuwa hakuna aliyempa kingine. Hatari ni kwamba akiwa ameshaamua, utakuwa umeonyesha karata zako mapema, na sura yake mbele yako inaweza kubadilika. Wewe ndiye unayemjua anavyocheka.

Unaweza kuandika fomu zote mbili kwa ukweli na kuzipeleka kimya kimya. Ukifanya hivyo, tumia kipimo kimoja kwa wote. Kama kwa dada utaeleza hatima ya majalada, kwa kijana nawe eleza wangapi kati ya waliokamatwa walifika mahakamani, bila neno la kejeli, na mema yake yaandike yote. Maoni yenye tarehe na idadi ni magumu kuyafuta kuliko maoni yenye sifa tupu. Mkubwa wako ana mamlaka ya kutokubaliana nawe. Aandike yeye kutokubali kwake kwa kalamu yake. Hatari iko palepale kwenye jalada lako, na sitakudanganya kwamba kila anayeandika ukweli analindwa.

Kuruka ngazi na kupeleka malalamiko juu yake moja kwa moja, hilo nenda nalo polepole sana. Wewe ni askari, unajua mlolongo wa amri unavyochukuliwa jeshini, na unachoshika mkononi kwa sasa ni maneno ya kwenye gari yasiyo na shahidi. Kuyamwaga kwenye makundi ya WhatsApp usifikirie kabisa. Utamwanika dada yule na watoto wa majalada yake kabla hujamgusa mtu mwingine yeyote.

Halafu yale maoni ya maandishi. Wenzako wanasema mistari mitatu ya sifa. Naelewa. Lakini kumbuka kwamba Januari 2023 iliundwa tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti iliyokabidhiwa Julai mwaka huo ilitaka polisi ifanyiwe mageuzi makubwa, iwe chombo cha kumhudumia mwananchi. Kwa hiyo jambo unalolitaka si uasi. Limeshasemwa mezani kwa Amiri Jeshi Mkuu. Tume inaweza kusema mageuzi. Kwamba jalada la mtoto linakula siku ngapi, na kwamba fomu haina mahali pa kuandika binti aliyeokolewa, hayo anayajua mkuu wa kituo. Ukiandika, usimtaje mkubwa wako wala makoplo wako. Eleza fomu. Sema inahesabu ukamataji na haihesabu mwisho wa kesi. Sema mpimwaji haioni na hawezi kuijibu. Pendekeza aione, aandike neno lake chini, na apimwe na zaidi ya mtu mmoja. Jambo hilo hilo ambalo kwenye fomu lingeonekana kama kumtetea mtu, kwenye maoni linakuwa ushauri ulioombwa.

Nikuonye hapo kwa upendo: usiweke matumaini yote kwenye fomu mpya. Utumishi wa umma ulitoka kwenye taarifa ya siri mwaka 2004 ukaingia kwenye OPRAS, utaratibu wa wazi wa kupima utendaji, mtumishi na bosi wake wakae pamoja wakubaliane malengo. Nilishangilia. Baada ya miaka michache nikawa naona fomu zinajazwa zote siku moja mwezi Juni, kila mtu amejipa alama nzuri na bosi ametia saini bila kusoma. Ndiyo maana serikali ikaja na PEPMIS, huo mfumo wa kompyuta ambao mume wako anautumia. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi, Katiba yao ya 2010 ikakabidhi upandishaji vyeo wa polisi kwa tume maalumu, na bado tume na Inspekta Jenerali wamekuwa wakivutana kuhusu nani ana neno la mwisho. Huko juu panaweza kubadilika mara tatu, na chini kabisa bado atakuwepo mtu mmoja anayejua kilichotokea kweli, ameshika kalamu, anamfikiria bosi wake na ada ya mtoto wake. Mtu huyo hawezi kubeba jeshi zima mgongoni, mwanangu. Naona katika barua yako unajaribu kulibeba.

Imebaki saini ya mwaka jana. Hukuniuliza kama umwambie, ila umeandika "sijamwambia hadi leo" kama mtu anayeuliza. Kuna kukiri kunakomponya aliyekosewa, na kuna kukiri kunakomtua mzigo mkosaji na kumtwika mwenzake. Ukimwambia leo, wiki ile ile unayojaza fomu yake, atashindwa kujua kama unamwomba msamaha au unamwonyesha kwamba maisha yake yako mkononi mwako. Ukingoja hadi jina litoke, kwake au kwa mwingine, angalau atakuwa huru kukukasirikia. Mimi yule karani wangu sijamwambia. Amezeeka, anatembelea fimbo, na kila nikitoka sokoni naahidi wiki ijayo. Sikupi hilo kama mfano wa kufuata.

Ningekuwa karibu ningekuja tukae hapo jikoni kwako. Kwa kuwa siko, nakuomba kitu kidogo kabla mwezi haujaisha. Waite makoplo wako, kila mmoja kwa wakati wake, mbali na kaunta, na kila mmoja muulize mambo mawili: angependa kuwa wapi baada ya miaka mitano, na ni kazi gani aliyoifanya mwaka huu ambayo anadhani wewe huijui. Nyamaza, sikiliza. Kijana wa doria naye, usimfupishie. Majibu yao yaandike, kisha ndipo uzifungue zile fomu.

Niandikie tena, hata kama utakuwa umetia saini kama ulivyoambiwa. Sitakuwa na neno la kukulaumu. Na yule binti, sasa atakuwa yuko darasa la saba na mtihani ni Septemba. Mwambie Koplo wa dawati kwamba kuna mama mmoja mjini anamuulizia maendeleo yake.